Miche inarefuka kama uzi halafu inalala, shida ni mbegu?

Wa_Tudor: Habarini wakuu, niko fleti orofa ya tatu hapa Mombasa, shamba sina ila kuna kiveranda. Nimesia nyanya, sukuma, hoho na maua ya zinia ndani ya nyumba kwa trei za mayai, nikafunika na nailoni vile nliona YouTube. Zimeota vizuri tu lakini sahii ni ndefu nyembamba zote zimeegemea dirishani, zingine zimeoza pale shingoni zikalala. Hoho nayo kimya. Ama niliuziwa mbegu feki?

bingwa_wa_bamia: Mbegu haina makosa, hiyo miche yatafuta mwanga. Itoe nje leo leo.

Mama Mboga Bamburi: Ndugu yangu hizo video ni za watu wa Ulaya na Marekani, wao wasia ndani kwa sababu nje kuna baridi na barafu, watafuta joto. Sisi joto twapewa bure mpaka twalikimbia! Nailoni ni mpaka mbegu ichomoze tu, ikichomoza toa, la sivyo wapika miche. Hiyo ya kuoza shingo ni kuvu, hupenda udongo wa majimaji na mahali hapana hewa, iliyolala haina dawa, itupe. Iliyobaki usiinyweshe mpaka juu pakauke, na maji mwaga kwa trei ya chini yapande yenyewe. Kama udongo ni wa kuchota nje pia hapo pana shida, tumia vumbi la makumbi ya nazi na mboji iliyochekechwa, ila hilo vumbi lioshe mara kadhaa kwanza laweza kuwa na chumvi. Hoho isubiri, hata wiki mbili tatu ni kawaida yake. Nyanya zilizorefuka usizing'oe, ukihamisha fukia shina mpaka karibu na majani litatoa mizizi. Zinia haipendi kuguswaguswa mizizi, wee sia moja kwa moja kwa chungu chake.

Wa_Tudor: Shukran sana mama. Sasa nikizitoa nje jua la saa sita si litazichoma? Na maji natumia ya kisima.

mzee_wa_kitalu: Litazichoma ndio. Anza na jua la asubuhi mpaka kama saa nne kisha rudisha kivulini, kila siku waongeza kidogo, kwa wiki hivi zitazoea. Upepo nao mzuri wakaza shina. Kuhusu kisima, yaonje hayo maji, vingi hapa mjini vina chumvi na mche mdogo hauvumilii, majani yaanza kuungua kwa ncha. Wee kinga maji ya mvua uyatumie hayo.

bingwa_wa_bamia: Na kunguru je, hamjamwambia? Hao wa hapa wang'oa kila kitu, funika na chandarua kikuukuu, na kivuli wapata hapo hapo.