Tupeane uzoefu: vifuko vya maji kwenye maini ya mbuzi na kondoo

Wakuu, habari za mifugo. Anayechinja mara kwa mara ameviona: unapasua kondoo, juu ya ini kuna kifuko cheupe kimejaa maji maangavu. Wengi hukikata na kumtupia mbwa anayengoja pembeni, na ugonjwa wa vifuko hivi unaendelea kupitia hapohapo. Ndani ya kifuko kuna vichwa vya tegu (minyoo bapa ya tumboni), vidogo kama chembe za mchanga. Tumboni mwa mbwa vinakuwa minyoo kamili, na baada ya wiki sita hivi mayai yanatoka na kinyesi. Kondoo anayala na majani. Mtoto anayashika kwenye manyoya ya mbwa, kisha anatia mkono mdomoni. Aliyekutana na haya atusimulie.

Mfugaji wa Lodwar
Turkana tunaujua sana. Ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, hadi shirika la afya la AMREF likaanza mradi wa kuudhibiti mwaka 1983. Shangazi yangu alivimba tumbo taratibu, miaka ikapita, watu wakimuuliza atajifungua lini. Utrasaundi ndiyo iliyoonyesha kifuko kwenye ini. Daktari alituambia tusikubali mtu yeyote amkande tumbo: kikipasuka, maji yake yanaweza kumletea mshtuko wa kuua, na vifuko vingine vikaota humo ndani. Alipasuliwa, akaendelea na albendazoli, dawa ya minyoo. Yu hai, namshukuru Mungu.

Mama Mbuzi, Longido
Poleni na shangazi. Huku kinachotumaliza ni kizunguzungu. Mbuzi anazunguka upande mmoja, kichwa kimepinda, anaachwa nyuma na wenzake. Ukipasua fuvu unakuta kifuko cha maji kwenye ubongo. Huyo ni tegu mwingine, ila naye hupitia kwa mbwa: kichwa kikitupwa, mbwa anakitafuna. Binadamu pia anaweza kumpata, ingawa ni nadra. Kwangu kichwa cha mbuzi wa hivyo kinachomwa mpaka kinateketea, na mtu asinibembelezee mbwa wake.

Mnunuzi wa Idd
Samahani wakuu, ini la hivyo nikilipika likaiva nitaugua?

Mwanzisha mada
Ndugu, huu hauambukizwi kwa kula ini. Unaupata kwa kumeza mayai yanayotoka kwa mbwa. Sehemu yenye kifuko ifukie chini sana, mbwa asiweze kuifukua, au ichome.

Kuhusu mbwa: muulize bwana mifugo prazikwanteli, dawa ya tegu, dozi kwa uzito. Ukimpa kila wiki sita, tegu mpya hawahi kukomaa. Lakini dawa haiui mayai, kwa hiyo mfunge siku mbili tatu na ufukie kinyesi chake. Hili wengi hawaambiwi, nalo ndilo linalonisumbua zaidi.

Mfugaji wa Lodwar
Wa nyumbani tunawapa. Wale wasio na mwenyewe, wanaoshinda machinjioni, kwenu mnawashikaje?