Tupeane uzoefu: Uliwahi kujiuliza huyu anayesema "mimi" ni nani?

Mkazi wa Uyole (mleta mada)

Habari zenu wadau. Wakubwa shikamooni.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwezi wa sita, na kila nikimweleza mtu ana kwa ana naona ananitazama kwa huruma. Naamini humu wapo waliowahi kuguswa nalo.

Nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo hapa Mbeya. Baridi ya Juni mnaijua, miguu ilikuwa imekufa ganzi kabla hata ya dawa. Wakanilaza mezani, mtaalamu wa usingizi akaniambia nihesabu. Nakumbuka moja, mbili, tatu. Nakumbuka ile taa kubwa juu yangu, balbu mbili haziwaki. Nne sikuifikia. Kilichofuata ni sauti ya mke wangu ananiita, na jua la dirishani limeshahamia ukuta wa pili.

Ukilala usiku, asubuhi unajua ulilala. Hata kama hukuota, kuna muda unauhisi umepita. Nusu kaputi haikuwa hivyo. Kati ya ile tatu na sauti ya mke wangu hapakuwa na giza wala kusubiri. Saa mbili na nusu za maisha yangu zimepita bila mimi, na moyo unadunda kama kawaida. Nimesoma kwamba dawa za aina hii zilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ni nini hasa kinachozimika pale. Mwili uko mezani. Aliyekuwa anahesabu yuko wapi?

Tangu hapo nikaanza kujisikiliza ninavyoongea. Nasema mkono wangu, kichwa changu, akili yangu, roho yangu, hata nafsi yangu. Vyote ni vyangu. Sasa huyo mwenye navyo ni yupi? Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipojichungulia ndani alikuta joto au baridi, pendo au chuki, ila yeye mwenyewe hakujikuta hata siku moja. Nimejaribu usiku nikiwa kitandani, na mimi sijamkuta.

Tupeane uzoefu. Naomba yale yaliyokupata wewe, mahubiri tuyaweke pembeni kidogo.

Dereva wa Tunduma

Pole sana mkuu kwa upasuaji.

Nina miaka 19 kwenye barabara hii ya Dar hadi Tunduma. Kitonga huwezi kupita bila kujijua, pale kila kona unaihesabu na breki unazisikia mpaka tumboni. Yangu ilinitokea sehemu rahisi. Natoka Mafinga alfajiri, ukungu umelalia ile misitu ya misonobari. Kumbukumbu yangu ya mwisho ni Nyololo. Halafu naona taa za Makambako. Katikati hamna kitu.

Nilishtuka, nikapaki pembeni, nikamuuliza utingo kama nimesinzia. Akanishangaa. "Umesinzia wapi, bosi? Umelipita lile fuso lililoharibika, umewasha indiketa, ukawapigia honi wale jamaa."

Fuso gani? Mimi sikuliona. Safari nzima nilikuwa nawaza ada ya mtoto, namtengenezea mkuu wa shule maneno ya kumwambia. Aliyekuwa anawaza ada alikuwepo. Aliyekuwa anaendesha alikuwepo. Ila hatukuonana.

Mkazi wa Uyole

Mkuu, hilo la "hatukuonana" nimelisoma mara tatu. Ila nakuomba kama ndugu, likikupata tena lala hata nusu saa. Usingizi wa sekunde chache hata mwenyewe haujui.

Nesi wa Njombe

Langu fupi. Jinamizi. Naamka saa tisa usiku, naona dirisha, naona koti langu msumarini, na siwezi kuinua hata kidole. Kifuani kama mtu amekaa. Chuoni tulifundishwa kwamba wakati wa kuota ubongo unaifunga misuli ili tusiinuke tukatenda tunayoyaota, na mara nyingine mtu anazinduka kufuli likiwa halijafunguliwa. Maelezo nayaamini, nawaelezea hata wagonjwa. Lakini zile dakika mbili nilikuwa naupigia kelele mwili wangu na wenyewe hausikii. Asubuhi nikauogesha kama naogesha mtoto wa jirani.

Mwana Ilula

Kwetu nyanya ndiyo kila kitu. Mdogo wangu wa kiume alichapwa sana na baba kwa uzembe. Akitumwa kuchuma zilizoiva anarudi na tenga limechanganyika. Nyanya nyekundu katikati ya majani yeye haioni mpaka aiguse. Alipofika kidato cha pili mwalimu wa baiolojia akawaonyesha zile picha za vidoti, wenzake wote wanasoma namba, yeye anaona vidoti tu. Upofu wa rangi. Jioni ile baba aliposimuliwa alikaa kimya mpaka ugali ukapoa.

Kinachonisumbua ni kwamba miaka yote hiyo tulikuwa tunatamka neno moja. Sisi tukisema nyekundu, naye anasema nyekundu: damu nyekundu, udongo mwekundu. Hakuna aliyegundua kwamba anachokiona yeye sicho tunachokiona sisi. Hata yeye hakujua. Sasa mimi na wewe tusiopishana kwenye nyanya, nani ametuhakikishia kwamba nyekundu yangu ndiyo yako? Ukiniuliza kijani ni nini nitakuonyesha jani. Kijivu, nitakuonyesha majivu. Lugha yenyewe inanyoosha kidole kwenye kitu. Kile ninachokiona kichwani haiwezi kukinyooshea.

Yupo Mwingereza, John Dalton, mtu wa kemia, alikuwa na hali hiyohiyo na akaieleza mwaka 1794. Alidhani maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu, akaagiza akifa macho yapasuliwe. Alikufa 1844, wakapasua, maji wakayakuta safi hayana rangi. Waliyaona macho yake, hawakuona alichokuwa anakiona.

Mdogo wangu sasa ndiye anayetupangia daraja. Anaminya kwa dole gumba karibu na kikonyo, ananusa, anaweka. Wanunuzi wa Dar wakija wanamuulizia yeye.

Mwalimu Mstaafu, Kihesa

Vijana, nimefurahi kukuta mnazungumza haya.

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi zaidi ya miaka 30. Mwaka mmoja tulipeleka darasa la sita Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Mnajua habari yake: alijitoa uhai mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa kikapelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, na kikarudi mwaka 1954. Fuvu liko pale ndani ya kioo. Watoto wakasimama kimya. Binti mmoja mdogo, mpole sana darasani, akanivuta shati. "Mwalimu, huyu ni Mkwawa, au hili ni la Mkwawa?"

Ngeli nimefundisha maisha yangu yote. A-WA ni ya wenye uhai, LI-YA ni ya vitu, ubaoni naichora kwa chaki mbili. Siku ile sikuweza kumjibu. Nikisema "hili", basi hicho walichokililia Wahehe zaidi ya miaka 50 ni mfupa. Nikisema "huyu", basi yuko wapi?

Msibani napo huwa nasikiliza. Gari likifika watu wanasema mwili umewasili. Nusu saa baadaye, kaburini, mjane anasema, "Umeniacha na nani?" Anamwambia nani? Mwili hauachi mtu. Na mwili uko palepale mbele yake.

Yule binti nilimwambia tutazungumza darasani. Hatukuzungumza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwanachuo Iringa

Shikamoo mwalimu. Mleta mada, tumemsoma mwanafalsafa John Locke muhula huu. Yeye anasema mtu ni yule yule kadiri ufahamu wake unavyoweza kurudi nyuma na kukumbuka aliyoyatenda. Kwa hiyo zile saa mbili na nusu hazikuwa zako, zilikuwa za mwili wako. Na yule dereva wa kati ya Nyololo na Makambako, kwa Locke, ni mtu mwingine. Mpaka sasa naona hoja yake imesimama.

Binti wa Tukuyu

Mdogo wangu wa chuo, njoo kwetu ukae wiki moja, kisha tuzungumze habari ya Locke.

Mama yangu amesahau. Alianza na majina ya wajukuu, ikaja njia ya kwenda sokoni, mwaka huu nimefika mimi. Ananiita dada. Siku nyingine ananiita mgeni. Kwa hoja hiyo yako aliyenizaa hayupo tena, huyu ninayemlisha ni mwingine.

Sasa nikuambie nilichokiona. Wiki iliyopita nilimpa ungo wa maharage, nikijua atacheza nayo tu. Akaketi, akaupima ungo kwa magoti, akapepeta mara tatu, akapuliza makapi upande wa kushoto kama alivyofanya siku zote, na punje zilizotobolewa akaziweka kwenye pindo la khanga. Kisha akanitazama mikono na kunikaripia kwa Kinyakyusa kwamba nimeshika chungu kama mtu asiye na kwao. Kukaripia huko nimekulia. Sauti ileile, hata ule mguno wa mwisho. Hanikumbuki, lakini yumo.

Kwetu asubuhi tunasalimiana "Ugonile", yaani umelala? Nilikuwa naona ni maneno tu. Sasa kila nikimsalimia nasimama mlangoni na kungoja kidogo, kwa sababu kweli sijui nani ameamka.

Mleta mada, umeuliza ulikuwa wapi zile saa mbili na nusu. Mke wako alikuwa kwenye benchi nje, sivyo? Muulize yeye alikuwa anamngoja nani.

Mkazi wa Uyole

Dada, nimemuuliza. Ameniambia zile saa zote alikuwa ameshika viatu vyangu mapajani, nesi alimwambia aviweke chini akakataa. Sikujua. Mama anaendeleaje leo?

Binti wa Tukuyu

Leo ameamka vizuri. Nimempelekea chai, akaniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamwambia, ni wako. Akanitazama muda mrefu, akasogea kwenye mkeka, akasema, "Basi kaa unywe."