Mjadala: Mali ililetwa na binti, kwa nini binti anyimwe cheo?

Agosti 2016 alifariki Gerald Grosvenor, Duke wa sita wa Westminster (Duke ni cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Uingereza), akiwa na miaka 64. Aliacha mabinti watatu na mvulana mmoja. Kifungua mimba ni Tamara, akafuata Edwina. Cheo kikaenda kwa Hugh, mtoto wa tatu, kijana wa miaka 25. Dada zake hawakuwamo hata kwenye hesabu.

Wanaotetea utaratibu huu hoja yao ni moja: cheo ni cha ukoo, na binti akiolewa anahamia kwa watu. Haya, tuifuate hiyo nasaba basi. Mayfair na Belgravia, mitaa ya matajiri ya London iliyowatajirisha akina Grosvenor, haikuletwa na mwanamume. Mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor alimwoa Mary Davies, mtoto wa miaka 12 (naam, 12, na kanisani), ambaye babake alikuwa amemwachia urithi wa ekari zipatazo 500 za malisho na majimaji nje kidogo ya mji. Mji ukapanuka, malisho yakawa majumba ya kupangisha. Udukwe wenyewe waliupata kwa Malkia Victoria mwaka 1874, karibu miaka 200 baadaye. Kwa hiyo binti alifaa kuleta shamba, ila hafai kurithi jina?

Na wasituambie haiwezekani. Lord Mountbatten, kabaila mwingine wa Uingereza aliyeuawa mwaka 1979, hakuwa na mtoto wa kiume. Hati ya cheo chake iliruhusu binti arithi, na Patricia akarithi. Hata kiti cha enzi kilirekebishwa kwa sheria ya mwaka 2013, ndiyo maana Charlotte, binti wa Prince William, yuko mbele ya mdogo wake Louis kwenye foleni ya kurithi. Vyeo vya makabaila wakaviacha vilivyo.

Kuna watakaosema vyeo hivi vifutwe vyote, tusihangaike na ugomvi wa matajiri. Hapo mnanipata nusu. Lakini maadamu sheria ingali inavitambua, ubaguzi huo ni wa sheria, si wa familia moja.

Hugh alioa mwaka 2024, na mwaka uliofuata wakapata binti. Kwa sheria ilivyo, mtoto huyo hawezi kuwa Duke, hata akibaki mtoto pekee. Mnaosema mila iachwe kama ilivyo, mngemweleza nini akishakua na kusoma habari za Mary?