Sayari yangu Ngasha: mito inaendaka wapi, na batu banahesabu miaka namna gani?

mwana_wa_himbi (Goma)
Jambo batu ba hapa. Niko nachora bede moja (kitabu cha katuni), hadithi ya sayari nimetunga mwenyewe, jina lake Ngasha. Jua lake ni dogo, jekundu, na Ngasha iko karibu nalo sana mpaka inalizunguka kwa siku 19 tu za kwetu, tena inalionyesha uso uleule saa yote, sawa vile mwezi unatuonyeshaka upande moja. Basi huku ni muchana usioisha, kule ni usiku usioisha, na batu banaishi katikati, kwa ukanda wa jioni. Mataifa ni mbili, Bamuri ba mwanga na Bazira ba giza, bamepigana vita miaka 2000.

Shida njo hii: mudogo wangu wa miaka 12 ameangalia karte (ramani) akaniuliza "yaya, huu muto unatoka baharini unapanda mulima?" Nikakosa la kusema, niliuchora vile sababu ilikuwa inapendeza. Kisha akaongeza, kama jua halizami na hakuna mvua wala kiangazi, hiyo miaka 2000 nani aliihesabu? Munisaidie mbele sijafika ukurasa wa tatu.

mwalimu_jio (Bukavu)
Huyo mdogo wako umpe kazi ya kusahihisha. Tuanze na maji. Kwa sayari ya namna hiyo maji ya upande wa jua yanapanda mvuke, upepo unayabeba mpaka gizani, kule yanaanguka theluji na kugeuka barafu. Ukiacha hivyo maji yote yatahamia kule na Bamuri watakufa kiu mbele ya vita. Kwa hiyo hiyo barafu iwe nzito, uzito wake uisukume pole pole mpaka kwa ukanda wa jioni, pale iyeyuke, njo mito inazaliwa. Mito yote ya Ngasha inatoka gizani inaelekea mwangani na kukauka jangwani. Umeona sasa? Bazira wamekalia chanzo cha maji, na vita yako imepata sababu, maana ulituambia tu "wamepigana" kama watoto wa mtaa.

Na usifikiri muto ukishauchora umemaliza. Ziwa letu Kivu zamani lilikuwa linamwaga maji kaskazini, upande wa ziwa Edward, maana yake kwa Nile. Volkano za Virunga zikainuka zikafunga njia, ziwa likajaa mpaka likapata mlango kusini, na leo linashuka kwa Ruzizi, kutoka mita karibu 1460 mpaka Tanganyika kwenye mita karibu 770, kisha Lukuga inayapeleka kwa mto Kongo. Maji ya Misri yakawa maji ya Matadi, bandari ya mto Kongo! Tafutia Ngasha volkano moja ya kufanya vile, halafu uchore mji wa bandari uliobaki na matope, wavuvi wamekaa juu ya mitumbwi wanaangalia tu.

mangeur_wa_bede
Itatoka lini na ni bei gani? Hayo mengine mutajuana.

mama_wa_sake
Mwalimu unaongea volkano kama mutu anayeiona kwa picha, unisamehe. Sisi huku mwaka 2002 tulikimbia na bana mugongoni, lava ikapita katikati ya muji wa Goma mpaka ziwani, na 2021, tarehe 22 ya mwezi wa tano, siku ya posho (Jumamosi), ikarudi tena. Lava ya volkano yetu Nyiragongo ni nyepesi, inatiririka, haikungojei ufunge mulango. Mwanangu wa Himbi wewe unajua, kwetu kuko nyumba chini yake yote imemezwa, batu banajenga juu ya ile jiwe nyeusi na kuta zinatoka mu jiwe ilelile. Uchore vile, dirisha ya zamani ikuwe sasa mulango. Usisahau mazuku pia, ile hewa mubaya nzito inalalaka kwa mashimo, asubuhi unakuta mbuzi imekufa na hakuna kidonda. Bamuri bajenge juu tu, kwa bonde bapeleke badui yao.

kamalondo_boy (Lubumbashi)
Mama umeniogopesha. Miye niulize franka, bantu ba Ngasha banalipana na nini? Huku Katanga bazamani balikuwa na misalaba ya shaba. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, bamepata makaburi yenye ile misalaba ndani, na kadiri miaka ilipita ikakuwa midogo na ya kufanana, njo inaonekana ilikuwa inageuka franka. Tena kuko kaua kamoja kanapenda udongo wa shaba, bantu banakafuata kama alama. Weka ua kama hilo upande ya Bamuri, bakuwe na shaba, benzao bakuwe na maji. Vita bapumzike kidogo bafanye biashara.

nyota_ya_ibanda (Bukavu)
Hakuna aliyejibu ya miaka. Jua halitembei, sawa, lakini nyota zinatembea! Sayari ikizunguka jua mara moja, mutu aliye gizani anaona anga yote ya nyota imezunguka mara moja pia, siku zake 19. Wa mwangani hana nyota hata moja. Kwa hiyo kalenda ni mali ya Bazira peke yao, na Muri akitaka kujua leo ni tarehe ngapi aende kuinunua. Na kama njia ya Ngasha si duara kamili, pale ukandani jua litakuwa linachungulia na kurudi, ni moja ya sababu zinazofanya kwa mwezi wetu tunaona karibu asilimia 59 wala si 50. Si ndoto tupu: sayari Proxima Centauri b, iliyotangazwa 2016, inazunguka jua lake jekundu kwa siku kama 11, na inawezekana nayo inaonyesha uso moja.

mwana_wa_himbi (Goma)
Eeh! Nimechana karte yote. Sasa Bamuri banalipa shaba ili bapewe tarehe, na vita inaanza siku bamegundua Bazira balibadanganya siku mbili kila mwaka, kodi ikawa inalipwa mbele ya wakati. Mama wa Sake, dirisha-mulango iko tayari ukurasa wa tano.

Lakini mudogo amerudi tena. Anasema kesho inatoka kwa kukesha, na Muri hana usiku wa kukesha, sasa atamuambia mutu "tuonane kesho" namna gani?