Hivi intelijensia ya polisi ni nini hasa, na mtoa taarifa analindwaje?

Mkazi_wa_Bondeni: Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa. Mtaani kwetu kuna vijana wanavunja maduka usiku, nawajua sura na bodaboda wanayotumia, ila wife kanikataza kusema maana jirani yetu aliwahi kwenda kituoni akataja majina, kesho yake asubuhi wale vijana wanampitia mlangoni "mzee umetuchoma eeh", akahama na familia yake. Sasa hii intelijensia tunayoisikia kila siku ni utaalamu au ni mainforma tu? Na nikisema si nitaitwa mahakamani?

Afande_Mstaafu: Pole sana kwa jirani, alichofanyiwa ni kosa kubwa kabisa kwenye hii kazi. Iko hivi, unacholeta wewe ni taarifa, bado sio intelijensia. Inatakiwa ipimwe kwanza, umeona kwa macho yako au umesikia kijiweni, una ugomvi na hao vijana, halafu inawekwa pamoja na vingine, maduka gani yamevunjwa, siku zipi, saa ngapi, mali inauzwa wapi. Ikishikana ndo inaitwa intelijensia. Na hata hapo SIO USHAHIDI, kazi yake ni kumwonyesha askari doria aweke wapi na nani wa kufuatilia, ushahidi unatafutwa kivyake, wakamatwe na mali mkononi au alama za vidole. Ikienda hivyo wewe mahakamani huna kazi, na Sheria ya Ushahidi yenyewe hailazimishi askari kutaja taarifa ya kosa kaipata wapi. Ila usiende kuongea pale kaunta watu wamejaa, mtafute mkaguzi kata wako, yule polisi aliyepangiwa kata yenu, au mkuu wa upelelezi wa wilaya, muonane pembeni.

Mndengereko: Mimi kwetu Rufiji, mkoa wa Pwani, jirani na Kibiti. Nyie mnakumbuka Kibiti kwa wale askari 8 waliouawa Mkengeni Aprili 13, 2017, sisi tunakumbuka pia wenyeviti wa vijiji na watendaji waliokuwa wanauawa mmoja mmoja. Ilifika mahali mtu akimwona mgeni njiani anageuza macho, hataki hata kuulizwa. Polisi walete magari na silaha za kila aina, kama mwanakijiji anaogopa kufungua mdomo wanatembea gizani. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015, kijijini nani anaijua?

Binti_Sheria: Naongezea hapo. Raia wengi hilo neno intelijensia wamelijulia kwenye kuzuiwa mikutano ya vyama vya siasa, "taarifa za kiintelijensia zinaonyesha kutatokea vurugu", na mikutano ya hadhara ilikaa kifungoni toka 2016 mpaka Rais Samia alipoifungulia Januari 3, 2023. Mtu akishaona neno linatumika hivyo haamini tena, siku polisi wakimwomba taarifa ya kweli ya mwizi ananyamaza. Siri ya kumlinda mtoa taarifa naiunga mkono 100%, ila kwenye kumnyima mtu haki yake lazima awepo wa kuhoji hiyo taarifa imepimwaje.

Mkazi_wa_Bondeni: Asanteni sana wakuu, nimemsomea wife yote kasema sawa ila kaunta nisikanyage. Namba ya mkaguzi kata ninayo. Niwapige picha kwanza?

Afande_Mstaafu: Hapana mkuu, usiwapige picha wala usiwafuate. Andika namba ya bodaboda, siku na saa, inatosha.