Mjadala: Mtetezi wa wateja wa umeme akae ndani ya ofisi ya udhibiti, au ajitegemee?

Mtoa hoja: Ajitegemee. South Carolina, jimbo la Marekani, walijaribu kinyume chake. Sheria ya 2004 iliunda ORS, ofisi ya kukagua kampuni za umeme, gesi na maji, kisha ikahamishia huko kesi za bei, yaani zile kampuni inapoomba tume ya udhibiti ruhusa ya kupandisha bei, zilizokuwa za Mtetezi wa Watumiaji, ofisa wa jimbo anayewasemea wateja. Lakini ORS iliagizwa kusawazisha mambo matatu: wateja, uchumi na ajira, na uimara wa kifedha wa kampuni zenyewe. Yaani wakili wa mteja wa nyumbani analinda pia mfuko wa anayemtoza! Mradi wa nyuklia wa V.C. Summer ukapita chini ya mfumo huo huo. SCE&G, kampuni ya umeme ya jimbo hilo, walipandisha bei mara 9 kuugharamia, na Julai 31, 2017 vinu viwili vikatelekezwa kabla ya kutoa hata yuniti moja ya umeme, wakati karibu asilimia 18 ya bili ya nyumbani ilikuwa ikiulipia.

Mpinzani: ORS inabebeshwa lawama isiyo yake. Sheria nyingine ya jimbo hilo, ya 2007, ndiyo iliyoruhusu kuwatoza wateja wakati ujenzi unaendelea, na ratiba na bajeti zikishaidhinishwa, kuzipinga baadaye kulikuwa kugumu mno. Mtetezi huru angekwama palepale. Tena ORS ina wahasibu wanaoruhusiwa kukagua vitabu vya kampuni.

Mtoa hoja: Kuhusu 2007 sibishi. Ila kesi nyingi za bei huishia kwenye makubaliano ya pande husika, na hapo ndipo mteja anapoumia. Chukua mfano: mtaji wa wanahisa dola bilioni 4, kampuni inaomba faida ya asilimia 10.5, mchumi wa wateja anasema 9.5 inatosha. Asilimia hiyo moja ni dola milioni 40 kwa mwaka, bado kodi, ambayo nayo huingizwa kwenye bili. Mwenye kazi ya kusawazisha anafika mezani na 10, kwa hiyo nusu imekwenda kabla hajafungua mdomo. Halafu huja mgawanyo wa gharama kati ya makundi ya wateja: viwanda vina mawakili wao, na wakishinda, mzigo unaangukia ada ya kila mwezi ya majumbani, ambayo haipungui hata ukizima taa zote.

Mchangiaji wa tatu: Mwaka 2018 South Carolina waliondoa kipengele cha uimara wa kampuni na ajira, wakamruhusu tena Mtetezi kuingia kwenye kesi. Sawa, lakini uhuru wa kwenye karatasi haumlipi mchumi. Tazameni Ohio, jimbo jingine la Marekani: mtetezi yupo tangu 1976, fedha zake ni tozo kwa kampuni, na bado mwaka 2011 bunge lilimkata bajeti na kumkataza kuendesha kituo cha simu cha malalamiko. Anayepiga sasa huelekezwa kwa tume ya udhibiti ya jimbo. Simu zile ndizo zilizokuwa zikionyesha mapema kampuni ipi inakata umeme ovyo au inakadiria bili bila kusoma mita. Mswada wowote unaokuja, someni kwanza nani anapanga bajeti ya mtetezi, na kama anaweza kukata rufaa bila ruhusa ya mtu.