Fangasi kwenye vali ya moyo: mwenye kinga dhaifu anyimwe upasuaji wa bima?

Mleta mada: Wadau, kuna kauli nimeisikia mara nyingi wodini: "Huyu ana VVU, kumbadilishia vali ni kupoteza nafasi. Wapewe watoto wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi." Napinga.

Fangasi, hasa Candida, hujenga donge kubwa kwenye vali, na dawa hailipenyi vizuri. Kwenye eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) unaliona likipepea kila moyo unapodunda. Kipande kikimeguka, kinaziba mshipa wa ubongo au wa mguu. Ndiyo maana miongozo hutaka dawa na upasuaji viende pamoja, kisha dawa iendelee angalau wiki 6 baada ya upasuaji. Hata hivyo wengi bado hufariki.

Na "kinga dhaifu" si hali moja. Mwenye VVU akishika ARV vizuri, CD4, yaani chembe za kinga, hupanda. Wa kemo (dawa za saratani), chembe nyeupe za damu hurudi akimaliza dawa. Tuulize kinga yake inaelekea wapi, figo zikoje, na kama atastahimili nusukaputi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, foleni ya upasuaji wa moyo ipo kweli. Mtoto ana miaka mingi mbele yake, na huyu fangasi anaweza kurudi kwenye vali mpya. Mfuko ni mmoja.

Mleta mada: Kurudi anarudi, ndiyo maana wengine humeza flukonazoli, kidonge cha fangasi, kwa muda mrefu, hata maisha. Mnaojali mfuko, tazameni amfoterisini, dawa ya fangasi ya dripu. Ile ya kawaida inachanganywa na dripu ya sukari ya 5%, maana kwenye dripu ya chumvi hufanya mashapo. Mgonjwa anatetemeka kitanda kizima, potasiamu inashuka, figo zinaumia. Tukibania ile ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta), isiyoumiza figo sana, kesho tunalipia dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine.

Mchangiaji wa pili: Mimi niko mkoani. Hapa hatuna daktari bingwa wa moyo, nani ataamua?

Mleta mada: Ndugu yangu, uamuzi usifanyike hapo peke yenu. Picha za eko na majibu ya damu yapelekwe kwa jopo kwenye taasisi inayopasua moyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) pale Dar es Salaam. Wakimkataa, waandike sababu kwenye faili lake. Neno "VVU" peke yake lisikubaliwe kuwa sababu.